Daktari, Hiyo Pesa Itanunua Nini?

Leo nina mada ambayo najua itawagawa. Wapo watakaoongeza sauti ya redio, na wapo watakaosema huyu bwana leo kaishiwa. Tunazungumza habari ya mbwa mgonjwa na hela ya kumtibu. Sisemi dawa ya minyoo wala sindano ya chanjo. Nasema matibabu makubwa: upasuaji, eksirei, kulazwa, dripu ya siku tatu. Matibabu ambayo daktari akimaliza kuandika, mwenye mbwa anaisoma karatasi, anamtazama mbwa wake, kisha anaisoma karatasi upya akitumaini kuna sifuri iliyozidi.

Tuanze na neno la mtaani, maana ndilo linalompokea mtu getini akirudi kutoka kliniki. "Laki sita kwa mbwa? Na watu hawana hata panadol?" Neno hilo lina uzito, wala silibezi. Katika nchi ambayo mzazi anaweza kukosa nauli ya kumfikisha mtoto hospitali ya wilaya, fedha inayoingia kwa mnyama lazima iulizwe. Ila ningependa swali hilo lizunguke na kwingineko. Kamati ya harusi ikichangisha mamilioni ya ukumbi na mapambo ya usiku mmoja, hakuna anayesimama akasema watu hawana panadol. Kijana akifunga muziki mzito kwenye gari, tunampongeza. Anayemtibu mbwa wake kwa fedha yake ya halali hajamnyang'anya mgonjwa yeyote kidonge.

Na mbwa mwenyewe si mgeni aliyekuja kula. Kwenye nyumba nyingi za kwetu ndiye mlinzi wa usiku asiyelipwa. Kuna wazee walioachwa peke yao baada ya watoto kwenda mijini, na sauti pekee inayowaitikia uani ni ya mbwa. Kuna watoto waliojifunzia huruma kwake.

Ndugu zangu wa pwani nanyi nawasikia. Kwa wafuasi wa Imam Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na anayemfuga humweka nje kwa ulinzi. Ni sawa. Lakini mafundisho hayohayo yametuachia hadithi ya yule aliyemwona mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatuni, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Unajisi haukumwondolea yule mbwa haki ya kunywa maji. Basi anayemfuga, awe wa dini yoyote, amebeba dhamana. Huku Tanzania hata sheria iko upande huo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na inakataza ukatili.

Kwa hiyo kama mbwa anastahili kutibiwa au hastahili, hilo mimi nimeshalipita. Ninalotaka tulijadili ni swali moja tu, ambalo nadhani ndilo la kumuuliza daktari kabla mkono haujaingia mfukoni: daktari, hiyo pesa itanunua nini?

Kwanza tuone kwa nini inakuwa nyingi. Wengi hudhani daktari kaona gari, akapandisha bei. Labda wapo wa hivyo. Kila kazi ina watu wake. Lakini chukueni mfano wa ugonjwa mmoja ambao madaktari wa mifugo wanaujua sana. Jike hajatolewa kizazi. Amepita msimu wake wa kutaka dume, na wiki chache baadaye anaanza kunywa maji kupita kiasi, chakula hataki, kalala tu. Nyuma pengine anatoa usaha. Pengine hatoi kitu, kwa sababu mlango wa kizazi umejifunga, na hiyo ndiyo hatari zaidi: kizazi kimejaa usaha, tumbo linavimba, sumu inaingia kwenye damu. Huyo akicheleweshwa, anakufa. Tiba ya uhakika ni kumpasua na kukitoa kizazi chote.

Sasa hesabuni. Kipimo cha damu. Utrasaundi. Dripu kabla ya upasuaji, kwa sababu mgonjwa dhaifu hapigwi nusu kaputi hivihivi. Nusu kaputi yenyewe hupimwa kwa kilo, kwa hiyo mbwa wa kilo arobaini anakula dawa mara nne ya mbwa wa kilo kumi. Nyuzi za kushonea, glavu, antibayotiki, dawa ya maumivu, na mtu wa kukesha naye. Sehemu kubwa ya vitu hivi huagizwa nje, na dola ikipanda navyo vinapanda. Mashine ya eksirei haiuzwi kwa bei nafuu eti kwa sababu atakayelala chini yake ana mkia.

Binadamu akipasuliwa, mara nyingi gharama hizi hazionekani zote. Bima inabeba, serikali inabeba, ndugu wanachanga. Mwenye mbwa anasimama dirishani peke yake, anaiona bei yote kwa mara moja. Ndiyo maana inamshtua.

Mtaniuliza, kwani bima ya wanyama haipo? Ipo, na hata Afrika Mashariki imefika, ila imeanzia kwa mifugo ya uzalishaji. Kenya mwaka 2015 ilianzisha mpango wa serikali wa bima ya mifugo, ukianzia Wajir na Turkana. Setilaiti inapima ukijani wa malisho kutoka angani. Ukame ukizidi kiwango, mfugaji analipwa kabla ng'ombe na ngamia hawajaanza kufa. Kwa hiyo ngamia wa Wajir ameshaingia kwenye vitabu vya bima. Mbwa wa Tabata, Dar es Salaam, bado. Bima ya mbwa kwetu si kitu unachokikuta kwa wakala yeyote wa mtaani.

Wenzetu wa Ulaya walianza zamani. Sweden ilikuwa na bima ya mbwa tangu miaka ya 1920, na leo mbwa wengi wa kule wamekatiwa. Marekani bima ya kwanza ya aina hiyo ilitolewa mwaka 1982, na mbwa aliyekatiwa ni yule aliyekuwa akiigiza kama Lassie kwenye televisheni. Lakini msidhani wenye bima wamepona. Bima hizo hupanda kadiri mbwa anavyozeeka, na ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kukatiwa kwa kawaida haulipiwi. Uingereza malalamiko ya bei yalizidi hadi mamlaka ya ushindani wa biashara ikaanza kuchunguza kliniki za wanyama mwaka 2023. Ilikuta kwamba mwaka 2013 kliniki kama moja tu katika kumi ilimilikiwa na makampuni makubwa. Miaka kumi hivi baadaye zilikuwa karibu sita katika kumi. Mteja anadhani amehama kwa daktari ghali, kumbe kahamia kwa mwenye kampuni yuleyule.

Basi turudi kwenye swali letu, maana jibu lake hubadilika kutoka ugonjwa hadi ugonjwa. Nitawapa mifano minne.

Wa kwanza ni ule uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu matone matone. Mwenye mbwa akiambiwa ni kansa anavunjika moyo palepale, anaanza kutafuta mtu wa kummaliza mbwa. Subirini. Kansa hii ni ya ajabu: inaambukizwa kwa kupandana, seli zenyewe za uvimbe zinatoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine, na wanasayansi wamegundua kwamba zote zilitokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Ni ya kawaida sana kwa mbwa wetu wanaozurura. Na kwa mbwa wengi inapona. Dawa yake inaitwa vinkristini, inachomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na uvimbe unanywea hadi unaisha. Asili ya dawa hiyo ni lile ua la Madagaska lenye rangi ya waridi au nyeupe tunalolipanda mbele ya nyumba zetu kwa urembo, na ndiyo hiyohiyo inayotumika kutibu kansa za damu za watoto. Lazima ichomwe na daktari, kwani ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Hapo pesa inanunua nini? Inanunua uzima. Ukiwa nayo, toa.

Wa pili ni mbwa aliyegongwa na bodaboda, mguu umevunjika vipande. Daktari anaweza kukupa njia mbili. Moja ni kumfungia chuma ndani ya mfupa, kazi ya bingwa, na bei yake ni ya bingwa. Nyingine ni kuukata mguu. Watu husikia "kukata" wakaona huo ni unyama, wakakimbilia kukopa ili mguu ubaki. Mbwa hana aibu ya kutembea na miguu mitatu. Mwenye afya nyingine nzuri, na asiye mzito mno, huzoea upesi, akakimbia, akabweka wezi kama kawaida. Tunaolia juu ya ule mguu ni sisi. Hapa njia ya bei rahisi haina maana ya njia mbaya, na daktari mzuri atakwambia hivyo ukimuuliza.

Wa tatu ni mtoto wa mbwa mwenye parvo: anatapika, anaharisha damu, kanyong'onyea. Dawa ya kukiua kirusi chenyewe haipo kwenye kabati la kliniki zetu. Kinachofanyika ni kumtegemeza kwa dripu, kuzuia kutapika, kuwazuia bakteria wasimvamie, mpaka mwili wake ushinde. Wengi wanaopata huduma hiyo mapema hupona, wengine hulipiwa kila kitu na bado hufa. Pesa inanunua nafasi. Ni haki yako kuuliza nafasi hiyo ni kubwa kiasi gani leo, kisha uulize tena kesho asubuhi.

Wa nne ndiye mgumu kumsema redioni. Mbwa mzee, figo zimekwisha, au kansa imeshafika mapafuni. Daktari anaweza kumlaza, anaweza kumtundikia dripu, na siku zitasogea. Lakini ni siku gani hizo? Siku za kizimbani, mbali na uani kwake, na sindano kila baada ya saa kadhaa. Hapo pesa inamnunulia mwenye mbwa muda wa kukubali, na gharama yake anailipa mbwa. Kumwomba daktari ampumzishe kwa sindano ya usingizi si usaliti. Usaliti ni kumtelekeza jalalani, au kumtegea nyama yenye sumu ya wadudu, kifo cha mateso ya masaa, eti kuepuka gharama. Sindano ya mwisho nayo hulipiwa, lakini ukilinganisha na bili ya wodi ni kidogo, na mbwa anaondoka amelala.

Sasa, swali hili linahitaji mtu asiyeona aibu. Waswahili husema mficha uchi hazai. Kliniki nyingi mazungumzo huharibika kwa sababu mteja anaona haya kusema mfuko wake ulivyo, na daktari anaona haya kuuliza. Sikilizeni yanavyoweza kwenda.

Mama anaingia na jike lake. "Habari za kazi, daktari." "Nzuri, mama yangu. Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Huyu hali tangu juzi." Daktari anapima, anaeleza, anataja bei. Mama anasema hivi: "Mwanangu, mimi nina laki tatu, na mwisho wa mwezi naweza kupata nyingine moja. Zaidi ya hapo naingia kwenye ada ya wajukuu, na ada siigusi. Kwa fedha hiyo, kipi ni cha lazima leo, kipi kinasubiri, na kipi tunakiacha?"

Maneno hayo yana kazi zaidi ya machozi. Daktari sasa anaweza kupanga. Labda kipimo kimoja kinaachwa kwa sababu jibu lake halitabadilisha tiba. Labda mgonjwa anarudi nyumbani na dawa badala ya kulazwa, na mama anafundishwa kufunga kidonda. Labda malipo yanagawanywa, na hilo liombwe kabla ya kisu. Likiombwa baada ya kushona, ni ugomvi. Na labda daktari anamwelekeza kwenye hospitali ya chuo. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, zipo ili kufundisha madaktari wa kesho, kwa hiyo zina wataalamu na vifaa ambavyo kliniki ndogo haina. Ulizeni bei zao mapema, mjue.

Kuhusu kukopa, nitasema wazi. Usichukue mkopo wa kausha damu kwa ajili ya mbwa. Mkopo huo ukikushinda wanakuja kubeba kochi na friji, na mbwa aliyepona atakuta nyumba haina chakula chake. Karo, kodi ya nyumba na dawa ya mzazi visiguswe. Mwenye kuweka mpaka huo hampendi mbwa wake pungufu; anajua tu kwamba nyumba ikianguka, mbwa naye anakosa pa kulala.

Njia yetu ya asili ni kibubu. Elfu tano kila wiki, kwa mwaka ni laki mbili na sitini elfu. Haitoshi kila upasuaji, lakini inatosha kuanza, na dharura nyingi zinaua kwa kukosa fedha ya kuanzia. Wenye mbwa mtaa mmoja wanaweza pia kufanya kama tunavyofanya kwenye vikoba: mfuko mdogo wa dharura, kanuni zimeandikwa, anayeuguliwa na mbwa anakopeshwa bila riba. Tena kuna fungu la wale wasiokuwa hata na hiyo elfu tano, na hao wanahitaji kitu kikubwa zaidi ya kibubu. London mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamke aliyeitwa Maria Dickin alifungua kliniki ya bure kwenye chumba cha chini ya ardhi katika mtaa wa maskini wa Whitechapel, kwa ajili ya wanyama wa watu wasioweza kulipa. Shirika lililozaliwa pale bado linafanya kazi hadi leo. Huku kwetu siku za kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa watu hupanga foleni na mbwa wao kwa kamba za katani, watoto kwa wazee. Watu hao si kwamba hawajali. Mlango wa bei wanayoiweza ukifunguliwa, wanaingia.

Na hapo, kwenye kinga, ndipo penye fundo la mazungumzo yangu yote. Rudieni mifano niliyoitaja. Usaha kwenye kizazi: jike angetolewa kizazi akiwa mzima, usingekuwapo. Uvimbe wa kuambukiza: mbwa asingezurura na kupandana ovyo, angeukwepa. Bodaboda: geti lingefungwa. Parvo: chanjo ya utotoni, inayorudiwa kila wiki tatu au nne mpaka mtoto afikishe wiki kumi na sita. Hata kupe ambao sikuwataja, wanaoleta homa na kumaliza damu: dawa ya kuogeshea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mbwa ukuta huo unajengwa usiku, kwa bei ya usiku.

Ufa mwingine tunauchimba wenyewe. Mbwa akichechemea, mtu anamsagia diklofenaki au ibuprofeni iliyobaki nyumbani. Dawa hizo zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, ukatoka kwenye mguu wa elfu ishirini ukaingia kwenye dripu ya laki tatu. Na paka, kidonge kimoja cha panadol kinatosha kumuua. Kabla hujampa chochote cha binadamu, piga simu kwa daktari wa mifugo.

Nimalizie na kazi ya kufanya wiki hii, mbwa akiwa mzima na akili zenu zimetulia. Kaeni wenye nyumba mkubaliane kiasi: mbwa wetu akipatwa na jambo, tutafika wapi, na hatutavuka wapi. Kiandikeni. Muulizeni daktari wenu bei ya kumtoa jike kizazi, bei ya kumwona usiku, na kama anapokea malipo kwa mafungu. Hifadhini namba yake kwenye simu ya kila mkubwa wa nyumba, na msisahau simu ya dada wa kazi, kwa sababu mara nyingi ndiye anayekuwapo mbwa akianguka. Mkiwa na hayo, siku karatasi ikiandikwa mtamuuliza daktari swali letu bila kutetemeka, na jibu lolote atakalotoa mtakuwa na la kufanya.

Wenye uzoefu, tuandikieni ujumbe kwa namba zetu za kawaida, na wenye hasira nanyi tuandikieni, tutasoma zote. Wiki ijayo tutazungumzia fundi wa nyumba anayekula pesa ya awali na kuzima simu.